Kibao Chekundu cha Zamu ya Nane

Kila siku ya Mwaka Mpya, kwa miaka hamsini na mitatu, Rosaire Pelchat alivuka barabara kuja nyumbani kwa shangazi yangu Odile kumwomba radhi mumewe, Armand. Alikuja baada ya misa, kofia mkononi, theluji ingali kwenye viatu. Alikula pai ya nyama, akanywa kahawa, kisha akainuka na kumgeukia Armand mbele ya watu wote.

"Armand, nisamehe kwa lile la zamu ya nane."

"Lipi hilo?" Armand aliuliza kila mwaka, akijifanya hajui.

"Lile lililokunyima mchezo kamili, jeuri wewe."

"Aa, hilo! Nilishasahau. Kaa ule, Kibao, usinililie juu ya zulia."

Watu walicheka, na sisi watoto tuliungojea mzaha huo kama tulivyongojea peremende. Shangazi hakuwapo sebuleni hata mara moja. Dakika hiyo alikuwa jikoni, anatafuta sukari ambayo tayari ilikuwa mezani.

Armand alifariki Novemba ya mwaka 2010. Mwaka Mpya uliofuata Rosaire alikuja vilevile, akala pai yake, akainuka. Akaligeukia kochi tupu. "Nisamehe, Armand," akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha wowote. Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameyasikia yote akiwa anamtazama Rosaire usoni. Nikalipokea birika mkononi mwake.

Nilikuwa nimehamia kwake baada ya mazishi. Aliniambia yote asubuhi iliyofuata ya ule Mwaka Mpya, tukimenya viazi, bila kuinua macho.

*

Odile Gagnon alizaliwa mwaka 1935 hapa Darrow, katika moja ya zile nyumba za ghorofa tatu ambazo kiwanda cha sufu kiliwajengea wafanyakazi wake. Baba yake, babu yangu Télesphore, alikuwa mtia rangi kiwandani, na siku za Jumamosi alikuwa mwandishi wa daftari la timu yetu ya besiboli. Mwandishi hukaa kwenye meza nyuma ya wavu na kuandika kila mpira: nani karusha, nani kapiga, nani kadaka. Lakini kuna jambo moja ambalo haandiki tu, bali huamua. Mpigaji akipiga mpira unaotambaa chini, akafanikiwa kukimbia hadi besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza uwanjani, mwandishi ndiye husema imekuwaje. Mpira ukiwa mgumu, sifa ni ya mpigaji: ni pigo. Ikiwa mlinzi angeweza kuuokota ila akazembea, aibu ni ya mlinzi: anaandikiwa kosa. Pale Darrow uamuzi ulitundikwa kwenye msumari juu ya meza ili uwanja mzima uone. Kibao cheupe kwa pigo, chekundu kwa kosa.

Babu alipoanza kupoteza macho, Odile alikaa ubavuni mwake akimsimulia anachokiona. Alipofikisha miaka kumi na saba, babu alikuwa haioni hata meza yenyewe, na kazi ikawa ya binti.

"Msichana?" kinyozi Gaspard aling'aka. "Si atawahukumu vijana kwa uzuri wa macho yao!"

"Afadhali yeye anayeyaona," babu akajibu.

Mafunzo aliyompa yalikuwa machache. Ukikaa mezani huna mji wala ndugu. Usisikilize kelele. Na mpira ukigonga kijiwe ukaruka kwingine, usimlaumu mlinzi. Kijiwe ni cha mpigaji.

Miaka hiyo ni vigumu kumweleza mtu anayeuona uwanja ulivyo leo, magugu mpaka magotini na wavu umeliwa na kutu. King'ora cha kiwanda kililia Jumamosi saa sita, wanaume wakatoka na nyuzi za sufu kwenye nyusi, wakapitia nyumbani kuchukua viti vya jikoni, wakaenda navyo uwanjani mabegani. Wachezaji walivaa mashati mazito ya sufu yetu wenyewe, na ikifika zamu ya tano uwanja wote ulinuka kondoo aliyenyeshewa. Padri alifupisha maungamo. Timu kubwa za Boston na New York tulizisikia redioni, lakini hizo zilikuwa za watu. Wachezaji wetu tuliwajua mpaka meno yao mabovu. Na kuliko timu zote tulicheza na Penhallow, mji wa ng'ambo ya daraja. Tulianza nao mwaka 1911. Wao walituita vyura, kejeli ya zamani kwa wasema Kifaransa kama sisi. Sisi tuliwaita ng'onda, kwa jinsi walivyokauka. Binti wa Darrow aliyeolewa Penhallow, mama yake aliagana naye kama anayekwenda kupanda meli.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba mwaka 1957, Sikukuu ya Wafanyakazi, mechi ya mwisho ya msimu. Odile alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kidoleni alikuwa na pete ya wiki tatu. Aliyemvisha ni Armand Lavoie, mrushaji wetu, yule anayewarushia mpira wapigaji wa upande wa pili. Rosaire Pelchat, rafiki wa Armand tangu utotoni, alicheza mlinzi wa kati, mahali ambapo mipira mikali ya chini hupita zaidi. Msimu mzima hakuwa ameandikiwa kosa hata moja. Baba yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani, alikata matokeo gazetini kila wiki na kuyabandika ukutani.

Zamu saba kati ya tisa zilipita, na hakuna mtu wa Penhallow aliyekanyaga hata besi ya kwanza. Hali hiyo ikiendelea hadi mwisho huitwa mchezo kamili, na mtu anaweza kwenda uwanjani maisha yake yote asiuone. Kwa desturi hakuna anayelitaja jambo hilo wakati mrushaji bado yuko kazini. Watu wa Darrow waliongea kuhusu nyanya na bei ya makaa. Watu wa Penhallow, kwa sababu hiyohiyo, walilitaja kwa sauti zao zote.

"Nyie vyura! Mbona hatujafika besi hata mara moja? Eti jamani, tumefika? Hatujafika!"

"Funga domo, ng'onda we!"

"Naulizia tu, mama! Mrushaji wenu asije akasahau!"

Zamu ya nane, Everett Whitcomb wa Penhallow akaupiga mpira wa chini kuelekea kwa Rosaire. Rosaire aliinama, glavu chini, macho kwenye mpira, kama alivyofanya mara mia mwaka ule. Hatua mbili mbele yake mpira ukagonga kitu. Vumbi likapaa kiasi cha kiganja. Mpira ukaruka juu ya bega lake la kushoto ukaenda majanini, na Whitcomb akafika besi.

Nyuso zote zikaigeukia meza. Mchezo kamili ulikuwa umekufa, hilo halikuwa na mjadala. Lakini palibaki kitu kikubwa bado. Kama ni kosa la mlinzi, basi Armand alikuwa hajapigwa, na asipopigwa hadi mwisho, jina lake lingekaa katika kumbukumbu za mji: mechi nzima bila pigo. Kama ni pigo, alikuwa mrushaji aliyecheza vizuri siku moja, kama wengine wengi.

"Chekundu, Odile!" Gaspard kinyozi alipaza sauti. "Mtundikie chekundu!"

Kwenye meza ya jirani aliketi mwandishi wa Penhallow, mzee Tuttle, aliyevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. "Binti," akasema polepole, "hata mimi nimekiona hicho kijiwe."

Odile alimtazama Armand. Armand alikuwa anamtazama yeye, mikono kiunoni, jasho linamchuruzika, na usoni ana kitu ambacho shangazi hakuwahi kukiona tena katika ndoa ya miaka hamsini na mitatu. Alikuwa anaomba.

Akatundika chekundu.

Darrow walipiga mayowe ya furaha. Penhallow wakazomea: "Mwizi! Mchumba wake huyo! Mwulizeni pete kavishwa na nani!" Rosaire alikitazama kibao, kisha akaitazama glavu yake, akaigeuza ndani nje kama anayetafuta tundu. Tulishinda moja kwa bila. Armand alibebwa mabegani mpaka kanisani.

Mzee Tuttle aliandika pigo katika daftari lake, akaweka kalamu, akakunja miwani yote miwili. "Sheria inakupa mpaka kesho saa kama hii kubadilisha," akamwambia. "Mimi sitakupigia kelele."

Nyumbani babu alikuwa anamngoja dirishani na macho yake meupe. "Ilikuwaje, mwanangu? Mpira ulirukaje?"

"Ulimpita tu, baba."

Kesho yake saa ile ilipofika alikuwa kiwandani, anasikiliza mashine.

*

Rosaire hakucheza tena. Msimu uliofuata alisema mgongo unamuuma. Alikuwa fundi wa mashine za kufumia mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1971 na timu kufa nacho, kisha akawa mtunza tanuri la joto katika shule. Jina lake lilikuwa Kibao. "Kibao, habari za asubuhi!" "Kibao, usije ukadondosha hicho kikombe!" Wanawe wanne waliitwa watoto wa Kibao. Alicheka pamoja na watu, kwa sababu mtu anayeitwa hivyo miaka yote atafanya nini kingine? Darajani, watu wa Penhallow waliendelea kudai kwamba walipiga pigo moja siku ile na kwamba daftari lao linasema hivyo, na watu wa Darrow waliendelea kuapa kwamba lilikuwa kosa la Kibao. Hata nyumba zilipobaki na wazee tu, ugomvi huo uliendelea. Nadhani ndicho kitu cha mwisho ambacho miji hii ilikuwa nacho kwa pamoja.

Baada ya ule Mwaka Mpya wa kochi tupu, shangazi aliacha kula vizuri. Aprili alinishika mkono, maana barafu ilikuwa haijaisha barabarani, tukavuka kwenda kwa Rosaire. Alikuwa jikoni kwake, anasikiliza redio.

"Shemeji! Kaa, kaa. Umekuja na sura ya daktari, nani amekufa?"

"Rosaire, lile la zamu ya nane halikuwa lako. Mpira uligonga kijiwe."

Alicheka. "Armand hajamaliza nusu mwaka kaburini, umeshaanza kunihurumia?"

"Sikuhurumii. Nilikiona kwa macho yangu. Nilitundika chekundu kwa sababu ya Armand."

Alizima redio. "Hapana, shemeji. Niliinua kichwa."

"Hukuinua."

"Niliinua!" Akasimama, mtu wa miaka sabini na tisa, akainama mbele ya jiko na mkono chini. "Hivi. Glavu hapa. Nikainua kichwa kumtazama Whitcomb anavyokimbia. Nakumbuka mpaka kofia yake ilivyomdondoka."

"Kofia haikudondoka."

"Ilidondoka! Naiona hata sasa ninavyokuambia. Wanangu wote wanne niliwafundisha kwa jambo hilohilo moja. Usiinue kichwa, mpumbavu we, usije ukawa kama baba yako." Alinyooka kwa taabu, akishikilia ukingo wa jiko. Uso ulikuwa umemwiva. "Umezeeka, Odile. Mpeleke shangazi yako akapumzike, binti."

Nje shangazi alisimama katikati ya barabara, na gari likalazimika kutungoja. "Nilidhani nilimchukulia jina tu," akasema. "Sikujua kwamba nilimpa na kumbukumbu."

*

Julai miji yote miwili iliadhimisha miaka mia moja tangu mechi ya kwanza. Walifyeka majani, wakaazima mashati ya sufu kwenye makumbusho, na vijana waliocheza wameyavaa walitoka vipele kwa joto. Kamati iliongozwa na Normand Cyr, mwenye duka la misumari na rangi. Alikuwa ameagiza bamba la shaba lenye jina la Armand, na alitaka shangazi alisome daftari la 1957 mbele ya watu, ukurasa ule ule. Shangazi alimweleza mapema atakachosoma. Normand alikaa chini juu ya pipa la rangi.

"Mama Odile, tafadhali. Mbele ya Penhallow? Bamba limeshafungwa kwa skrubu! Watatucheka miaka mia nyingine."

"Huenda."

"Basi soma mpaka zamu ya saba, uishie hapo. Sema macho yamechoka. Nani atakulaumu?"

Shangazi aliinuka akaaga, naye Normand akaamini amekubaliwa.

Siku hiyo aliketi kwenye meza nyuma ya wavu, kofia ya majani kichwani, na kipaza sauti ambacho Normand alikisogeza karibu kisha akakirudisha mbali kidogo. Rosaire alikuwa safu ya mbele na mwanawe mkubwa, Luc. Watu walikuwa kama mia tatu, idadi ambayo zamani ingekuwa mazoezi ya katikati ya wiki. Akasoma zamu ya kwanza, jina kwa jina. Wazee walisikiliza wamefumba macho. Alipomaliza ya saba, Normand alianza kupiga makofi peke yake. Shangazi alimngoja amalize.

"Zamu ya nane. Everett Whitcomb. Niliandika kosa la mlinzi wa kati. Nilidanganya. Mpira uligonga kijiwe, nilikiona, na mwandishi wenu, nyie wa Penhallow, mzee Tuttle, alikiona. Ni pigo. Armand Lavoie alipigwa pigo moja. Rosaire Pelchat hakufanya kosa siku ile, wala siku yoyote ya msimu ule."

Akachukua kalamu, akakata, akaandika, akatia sahihi. Kipaza sauti kilitoa mkwaruzo wa kalamu.

Kutoka upande wa Penhallow mwanamke mmoja wa makamo alisimama. Alikuwa binti wa Whitcomb. "Baba alisema!" akapiga kelele. Kisha, kwa sauti ya chini: "Alikuwa hospitali hawezi hata kumeza, bado anasema, nilipiga mimi. Tukawa tunamwambia, haya baba, haya, tumesikia."

Niliona jinsi neno hilo lilivyompata shangazi. Miaka yote alikuwa akihesabu kwamba amedhulumu mtu mmoja tu. Huyu wa pili, Whitcomb, hakuwahi kumfikiria, kwa kuwa alikuwa wa Penhallow.

Upande wetu zomeazomea ilikuwa imeanza. "Mume wako hajaoza bado, Odile!" "Mama, umewauzia ng'onda mji!" Ndipo Rosaire aliposimama, akaushika wavu kwa vidole vyote kumi.

"Futa!" akamwambia. "Futa hicho ulichoandika! Niliukosa mwenyewe, niliinua kichwa, mtu asinisemee!"

Na Darrow wakampigia makofi. Kwa miaka hamsini na minne hawakuwahi kumpigia makofi Kibao, na sasa walimpigia wamesimama, kwa sababu alikuwa analishikilia kosa lake ili mji usiabike. Aligeuka kuwatazama. Alionekana kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Luc alimshika kiwiko, wakaondoka.

Shangazi alibaki ameketi hadi viti vyote vilipokunjwa. Normand alilifunika bamba kwa gunia la mbegu, akaenda zake bila kuaga.

*

Rosaire alikuja mwishoni mwa Agosti, saa tano asubuhi. Hakupanda ngazi za baraza. Alisimama chini kwenye majani, naye shangazi alikuwa juu na bakuli la maharage mapajani.

"Hicho kijiwe kilikuwa upande gani?" akauliza.

"Mbele yako. Hatua mbili. Mpira ukaruka juu ya bega lako la kushoto."

Aliligusa bega hilo, nadhani bila kujua. "Na kichwa?"

"Chini."

"Una hakika gani? Ulikuwa unamtazama Armand."

"Armand nilimtazama baadaye. Mpira ulipokuwa njiani nilikuwa nakutazama wewe. Ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Alikaa kwenye ngazi ya chini, akatugeuzia mgongo. Shangazi hakuendelea kumenya maharage.

"Baba aliyabandua yale makaratasi ukutani mwenyewe," Rosaire akasema. "Alikuwa hawezi kusimama, lakini aliyabandua. Sikumwuliza kwa nini." Kisha akasema: "Luc alikuwa mzuri kuliko mimi. Unajua hilo? Mikono kama maji. Nilimfokea mpaka akaacha, ana miaka kumi na mitano. Kila mpira: kichwa, Luc, kichwa! Hakuwahi kuinua kichwa mtoto yule. Hata mimi sikuinua."

"Rosaire..."

"Sijakusamehe, shemeji."

"Najua."

"Usije ukadhani nimekuja kwa hilo."

"Sidhani."

Alisimama, akapangusa suruali. "Nimejaribu kumwambia Luc jana. Nikaanza, nikashindwa. Kila nikifika pale kwenye mpira, naiona ile kofia inadondoka. Nasimulia hadithi yangu ileile." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Itabidi umwambie wewe. Mimi nitakaa pembeni nisikilize."

Shangazi aliweka bakuli chini. Nilimletea viatu vya kutokea, maana alikuwa amevaa vya ndani, akavivaa bila kufunga kamba. Tulikwenda kwa gari langu, wao wawili kiti cha nyuma, kila mmoja kwenye dirisha lake.

Luc alikuwa nyuma ya nyumba anapaka rangi boti, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu. Alipotuona watatu aliweka brashi juu ya mkebe na kufuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Baba? Kuna nini?"

"Msikilize shangazi yako Odile," Rosaire akasema. Akatafuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake, na kuinamisha kichwa.

Shangazi alisimama mbele ya Luc, mikono yake imeshikana, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alikuwa na miaka sabini na sita. Alianza na Whitcomb anashika gongo la kupigia, akaenda polepole, mpira ukatoka, ukatambaa, na alipofika kwenye kijiwe alisimama, akavuta pumzi, akakitaja.